Meza za fedha au mashindano: mchezaji wa poka mwenye mtaji mdogo achague lipi?

Mdogo wangu anauza vipuri vya pikipiki Buzuruga, hapa Mwanza, na jioni akishafunga duka hucheza poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, kwenye simu. Mwezi uliopita alikuja nyumbani kwangu Nyegezi, akakaa kimya mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Kaka, mara tatu nimeweka pesa, mara tatu nimeliwa zote. Niendelee na mashindano, au nihamie kwenye meza za fedha?" Nilimjibu upesi kwamba ahamie kwenye meza za fedha, kwa sababu huko ndiko nilikosalimika mimi. Tangu siku ile nimelitafakari jibu hilo na kuona kwamba lilikuwa nusu tu ya ukweli, na kwamba nusu iliyobaki inamhusu kila anayecheza kwa mtaji mdogo huku moyo wake ukiwa umeanza kuchoka.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu mzima mwenye kazi nyingine inayomlisha. Nchini Tanzania michezo hii husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza. Anayecheza kwa ada ya mtoto, kodi ya nyumba, fedha ya kuagizia mzigo wa duka au mkopo wa kausha damu hana cha kuchagua hapa, na namsihi aache leo, kwa kuwa hofu ya kupoteza fedha ya lazima humfanya mtu akosee uamuzi hata kabla hasara yenyewe haijafika.

Katika njia zote mbili mchezo ni uleule wa Texas Hold'em: kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote. Tofauti iko kwenye mwendo wa pesa. Kwenye meza za fedha, chipu zilizo mbele yako, yaani vipande unavyowekea dau, ni pesa halisi, unakaa na kuinuka wakati wowote, na blaindi, yaani madau ya lazima yanayoanzisha kila mkono (mzunguko mmoja wa kugawa na kucheza karata), hazibadiliki. Kwenye mashindano unalipa kiingilio mara moja, unapewa chipu ambazo nje ya mashindano hayo hazina thamani, blaindi zinapanda kila baada ya dakika kadhaa, na chipu zikiisha umetoka. Kwa kawaida washiriki kama 15 katika kila 100 ndio wanaolipwa, na sehemu kubwa ya zawadi imewekwa kwenye nafasi chache za juu.

Mtaji unaotakiwa

Meza ndogo kabisa za fedha huwa na blaindi za senti 1 na senti 2 za dola, na mtu hukaa akiwa na blaindi kubwa 100, yaani dola 2. Kanuni ambayo wachezaji makini wameizoea ni kuwa na akiba ya kukaa mezani mara 20 hadi 30, ambayo ni dola 40 hadi 60, au shilingi 100,000 hadi 150,000 tukihesabu dola kwa shilingi 2,500 ili kurahisisha. Kwa mashindano, kanuni hiyohiyo hudai viingilio visivyopungua 100. Anayeingia mashindano ya dola 1, yenye makato ya mwendeshaji ya senti 10 juu yake, anahitaji dola 110, yaani shilingi 275,000. Ukiishia hapo utasema meza za fedha ni nafuu mara mbili, na mambo yamekwisha.

Hata hivyo, wengi huisikia kanuni hii bila kuelezwa sababu yake, na ndiyo maana huivunja wiki ya pili. Mchukue mchezaji mzuri, anayepata wastani wa blaindi kubwa 3 katika kila mikono 100 baada ya makato. Kwenye meza za watu sita, matokeo yake katika kila mikono 100 hutawanyika kwa kiasi cha blaindi 90 hivi kushoto na kulia kwa wastani huo. Akicheza mikono 10,000, faida anayoitarajia ni blaindi 300, lakini mtawanyiko wa bahati umeshafikia blaindi 900. Ukipiga hesabu utaona kwamba zaidi ya mmoja katika kila wachezaji watatu wa ubora huo atamaliza mikono hiyo yote akiwa na hasara, bila kuwa amekosea popote. Mtu anayefungua meza mbili kwenye simu hupata mikono kama 150 kwa saa, kwa hiyo mikono 10,000 ni zaidi ya mwezi mzima wa kucheza saa mbili kila usiku. Mdogo wangu alikuwa akijiona hajui kucheza baada ya siku nne.

Hesabu hiyohiyo inafunua jambo lingine ambalo ningependa kila kijana wa Igoma na Mkolani anayeota kuacha kazi kwa ajili ya poka alione. Blaindi 3 kwenye meza ya senti 2 ni senti 6. Kwa mikono 150 ya saa moja, mchezaji huyu mzuri, ambaye amewazidi wengi, anapata senti 9, yaani shilingi 225 hivi. Pesa hiyo hainunui hata chapati. Viwango vya chini ni mahali pa kujifunza kwa gharama ndogo, na anayetaka vimlipie mahitaji atalazimika kupanda ngazi kabla ya wakati wake.

Kwenye mashindano ukame ni mrefu zaidi. Mchezaji anayelipwa mara 15 katika kila mashindano 100 ana uwezekano wa karibu mmoja katika watano wa kucheza mashindano 10 mfululizo bila kupata kitu. Isitoshe, kulipwa si lazima kuwe ni kupata faida, maana nafasi za chini hurudisha zaidi kidogo tu ya kiingilio. Faida ya mashindano hutoka kwenye siku chache za kufika juu kabisa, na siku hizo haziji kwa ratiba. Ndiyo maana hadithi ya Chris Moneymaker inasisimua na kupotosha kwa wakati mmoja. Mwaka 2003 mhasibu huyo wa Tennessee alipata nafasi yake kupitia mashindano madogo ya mtandaoni yaliyomgharimu dola 86, akaenda Las Vegas kwenye mashindano makuu ya dunia ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000, akashinda dola milioni 2.5. Washiriki walikuwa 839. Anayemfikiria yeye kila anapolipa kiingilio ajitahidi kuwafikiria pia wale 838 ambao hakuna anayewasimulia.

Kwa upande wa makato, mashindano yana uwazi zaidi: unaona senti 10 kabla ya kulipa. Kwenye meza ndogo za fedha mwendeshaji hukata kama asilimia 5 ya fungu lililoko mezani, na fungu la senti 40 likikatwa senti 2 blaindi kubwa nzima imekwenda. Mwenye tabia ya kuingia karibu kila mkono kwa sababu kukaa bila kucheza kunamchosha hutokwa na pesa hapa bila kujua zilikopita. Huyo, kwa maoni yangu, atadumu zaidi kwenye mashindano, angalau mpaka ajifunze kutupa karata.

Kuhusu kiasi cha kuhatarisha kwa mara moja, kipimo ninachokiamini ni kile alichojiwekea Chris Ferguson, mchezaji maarufu wa poka wa Marekani, alipoanza mwaka 2006 bila senti kwa kuingia mashindano ya bure, na kwa takriban mwaka mmoja na nusu akafikisha dola 10,000. Hakukaa kwenye meza ya fedha na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake, wala hakulipa zaidi ya asilimia 2 kwa mashindano makubwa, isipokuwa kwenye viwango vya chini kabisa alikojiruhusu unafuu. Ona kwamba hata yeye aliyapa mashindano nafasi ndogo zaidi. Somo la pili kutoka kwake ni la uchungu: mwaka 2011 kampuni ya poka ya mtandaoni ya Full Tilt Poker, ambayo yeye alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wake, ilishindwa kuwalipa wachezaji fedha walizokuwa wameziweka humo. Kwa hiyo sehemu ya mtaji isiyohitajika wiki hii ikae kwenye simu au benki yako. Kabla hujaweka hata shilingi moja mahali popote, jaribu kwanza kujua kutoa pesa kunachukua siku ngapi.

Saa, umeme na bando

Jambo hili huonekana dogo kwa anayesoma ushauri wa watu wa nchi nyingine, lakini kwa sisi tunaoishi Mwanza lina uzito wake. Meza na mashindano hujaa wakati wa jioni ya Ulaya, na jioni yao ni usiku wetu. Mashindano yanayoanza saa 4 usiku yanaweza kukuweka macho mpaka saa 9, na ukifanya vizuri ndivyo unavyozidi kuchelewa kulala. Mtu anayefungua duka saa 2 asubuhi hulipia usingizi huo kwa njia nyingine. Kwenye meza ya fedha unacheza saa moja na nusu, unaaga, unalala.

Mwaka jana nilikuwa nimebaki miongoni mwa watu 31 kwenye mashindano ambayo 27 wa mwisho ndio waliolipwa. Umeme ukakatika mtaa mzima. Kifaa cha intaneti kikazima taa zake moja baada ya nyingine, na bando la simu lilikuwa limeisha tangu jioni. Nilivaa kandambili, nikashuka mpaka kwa wakala wa njia panda, nikamwamsha, nikanunua vocha kwa mwanga wa taa ya chaji aliyokuwa ameitundika kwenye msumari. Niliporudi mezani, blaindi zilikuwa zimezila chipu zangu zote na jina langu limeandikwa kwenye nafasi ya 29. Saa tano za kucheza kwa subira zilikuwa zimekwenda. Kwenye meza ya fedha, kukatika kule kungenigharimu mkono mmoja, kisha mfumo ungeniacha nimekaa pembeni na pesa yangu salama.

Moyo

Hapa ndipo jibu langu kwa mdogo wangu lilipokuwa na upungufu. Nilipima pesa na saa, nikasahau kupima hasira.

Tuseme umepewa ree mbili na mwenzako ana wafalme wawili, na pesa zote zimeingia kabla karata za mezani hazijafunuliwa. Utashinda mara 82 hivi katika 100, na mara 18 utaumia. Kwenye meza ya fedha maumivu hayo yana bei ya dola 2, na mkono unaofuata unaanza papo hapo. Kwenye mashindano yanaweza kufuta kazi ya usiku mzima. Kwa mtu mtulivu, basi, meza za fedha ni laini zaidi kwa moyo, kwa kuwa kila kosa lina kipimo chake na kila usiku una mwisho anaouchagua mwenyewe.

Lakini kwa mtu wa jazba hali inageuka. Meza ya fedha haifungwi. Ukiliwa dola 2, kitufe cha kuongeza dola 2 nyingine kiko chini ya kidole gumba, na ukiliwa hizo kipo tena. Usiku mmoja wa mwezi Machi, kati ya saa 5 na saa 7, nilikaa mara tano mfululizo nikijaribu kurudisha pesa ya mkono mmoja wa ree, na mara ya nne na ya tano hata karata sikuwa naziangalia vizuri. Mashindano yana ukuta wake: ukitoka umetoka, na ukiepuka yale yanayoruhusu kulipa tena na kurudi, huna pa kuifuata hasara. Mdogo wangu ni mtu wa jazba, nami nilijua hivyo tangu akiwa mtoto. Kumwambia ahamie kwenye meza za fedha bila kumwekea ukuta kulikuwa ni kumtoa kwenye mvua na kumwingiza ziwani.

Kuhusu kudumisha ari wakati wa ukame, nilichojifunza zaidi kimetoka kwa mjomba wangu wa Igombe, anayemiliki mtumbwi wa dagaa, na yeye karata hajawahi kushika. Dagaa hufuata taa, kwa hiyo huvuliwa wakati wa giza; mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa hauna nguvu, na mitumbwi hupumzika. Siku hizo mjomba na vijana wake hukaa ufukweni wakishona nyavu. Nyumbani ana mikebe mitatu: mmoja wa betri na mafuta ya injini, mmoja wa nyavu, mmoja wa matumizi ya nyumbani. Sijawahi kumwona akichota kwenye mkebe wa nyavu ili kununulia mboga, wala akisema kwamba ameshindwa uvuvi kwa kuwa mwezi umekuwa mkubwa. Mtaji wa poka ni mkebe wa nyavu. Ukiuchanganya na pesa ya sukari kwenye simu moja, kila hasara itaonekana kama njaa na kila ushindi kama mshahara, na moyo hauwezi kustahimili kuyumba huko kwa miezi.

Tofauti ni kwamba mvuvi huuona mwezi, wakati mchezaji haoni kama hasara yake ni mbalamwezi au ni wavu wenye tundu. Dawa yake ni daftari. Baada ya kila kikao naandika tarehe, saa nilizocheza, idadi ya mikono, mtaji ulivyobaki, na katika safu ya mwisho mikono miwili niliyokuwa na shaka nayo, kisha naitazama kesho yake mchana nikiwa nimeshiba. Nikikuta nilifanya uamuzi uleule ambao ningeufanya sasa kwa utulivu, najihesabu nimecheza vizuri hata kama pesa imepungua. Nikikuta kosa lilelile mara tatu katika wiki, najua ni tundu. Katika hili meza za fedha zina faida iliyo wazi, kwa sababu mikono ni mingi na mazingira hujirudia, hivyo kosa huonekana mapema. Kwenye mashindano kila hatua ina blaindi zake na hesabu zake, na anayejifunza huweza kukaa miezi bila kujua amekosea wapi.

Mtaji ukipungua

Kila njia utakayoichagua itakufikisha siku moja kwenye uamuzi huu, na hapo watu hugawanyika katika makundi matatu. Wapo wanaoongeza pesa na kubaki kwenye ngazi ileile, wapo wanaoshuka ngazi, na wapo wanaopumzika. Kuongeza pesa kunafaa pale tu kiasi hicho kilipangwa tangu mwanzo wa mwezi. Kikipangwa usiku wa hasara, hiyo ni jazba iliyovaa nguo za mpango. Kushuka ngazi ndiko ninakokupendelea: mtaji ukipungua kwa theluthi moja, rudi kwenye meza au mashindano ya nusu ya thamani, bila kujieleza kwa mtu. Wengi huona aibu, kana kwamba kuna anayewatazama. Aliye kwenye ngazi ya chini kabisa hana pa kushukia, kwa hiyo zamu yake ni ya kupumzika wiki mbili na kusoma daftari lake.

Lipo na kundi la nne, la wanaoacha moja kwa moja, nalo nalihesabu kuwa chaguo kamili kama mengine. Ukiona unaficha simu mkeo au mumeo akiingia chumbani, unakopa ili ucheze, au unacheza ili usisikie jambo lingine linalokuuma, toa kilichobaki, omba akaunti ifungwe, na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Hakuna mpangilio wa mtaji unaotibu hayo.

Kwa mtu mtulivu mwenye saa moja au mbili za jioni na dola 50, basi, nabaki na meza za fedha, na ukuta wa kukaa mara mbili tu kwa usiku. Kwa mtu wa jazba anayeweza kutenga usiku mmoja wa wiki bila kuharibu kazi, nachagua mashindano ya senti 50, yasiyo na kurudi, mtaji ukiwa dola 55, yaani viingilio 100 pamoja na makato.

Mdogo wangu alichagua hili la pili. Hucheza Jumamosi tu, kwa sababu Jumapili duka hufunguliwa mchana, na kabla ya kuanza huchaji betri ya akiba na kununua bando la usiku. Juzi aliniletea daftari lake, lile la kurasa 96 lenye mstari mwekundu pembeni. Mashindano 14, kila moja senti 55 pamoja na makato. Amelipwa mara mbili, jumla dola 2 na senti 90. Mtaji umebaki dola 50 na senti 20. Kwenye safu ya mwisho, mbele ya shindano la 11, ameandika: "Nilikuwa na hasira ya mteja wa asubuhi. Nisingecheza." Tulikaa kwenye shindano hilo moja mpaka adhana ya magharibi.